Mlipeni Mraibu, Tena Taslimu

Timu ya utafiti wa dawa za kulevya ikija Malindi, kabla ya kuanza kazi hupitia kwa chifu, kwa wazee wa mtaa na kwa viongozi wa dini. Katika vikao hivyo kuna swali moja lisilokosa. Haliulizi habari za damu itakayotolewa wala majina yatakayoandikwa. Ni hili: hao vijana watalipwa? Jibu likiwa ndiyo, kikao hubadilika sura. Yaani mnatuletea hela ya unga, ya heroini, mpaka mlangoni?

Nataka kuwajibu wazee hao kwa heshima wanayostahili, kwa sababu hawasemi kwa chuki. Wengi wao wana kijana wao ndani ya jambo hili. Wanajua ilivyo kuamka ukakuta mtungi wa gesi umeuzwa, mabati ya choo yameng'olewa, simu ya mama imewekwa rehani kwa bei ya kete mbili, vipakiti viwili vya unga. Aliyepitia hayo akiona noti zinaingia mkononi mwa mwanawe, haoni ujira, anaona kete. Hata hivyo naamini kwamba katika utafiti wa aina hii pesa si jambo la hatari kubwa, na kwamba tunavyozikazia macho ndivyo tunavyoziacha hatari zenyewe zipite bila kuulizwa.

Tuanze na kwa nini watafiti wanakuja. Unga si mgeni hapa. Uliingia pwani ya Kenya miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 Malindi na Watamu zilikuwa na waraibu wa kutosha hata wakaanzishiwa Omari Project, moja ya juhudi za mwanzo za kuwasaidia nchini. Mwanzoni watu walikuwa wakivuta ule wa kahawia. Kuelekea mwisho wa muongo huo ule wa kahawia ukaadimika, ukaja mweupe, na pamoja nao ikaja sindano. Sindano ndiyo iliyobadilisha kila kitu, kwani bomba moja la sindano lilizunguka maskani nzima, kijiwe kizima cha watumiaji. Takwimu iliyotumiwa na serikali kwa miaka mingi ni kwamba asilimia 18.3 ya wanaojidunga nchini wanaishi na VVU, wakati uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 5.6 kwa watu wote wa umri wa miaka 15 hadi 64.

Namba kama hiyo haipatikani ofisini. Mtu alikaa kwenye benchi akaitoa. Na ilifanya kazi: mipango ya kugawa sindano safi ilianza, ikalaumiwa sana na viongozi wa dini, ikaendelea, mwishoni mwa mwaka 2014 methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ikaanza kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwanzoni mwa 2015 hospitali ya Malindi ikafungua kliniki yake. Leo ukimwona kijana aliyekuwa akilala nje ya maduka ya soko anatembea asubuhi kwenda kunywa dozi yake, kisha anaingia kazini, jua kwamba njia ile ilitengenezwa na waraibu waliokubali kuulizwa maswali.

Na maswali yenyewe si ya mchezo. Lini ulijidunga mara ya mwisho? Bomba lilikuwa la nani? Ulimwachia nani baada yako? Ulilala na nani mwezi huu, na alikulipa au ulimlipa? Umewahi kufungwa? Umeiba? Mtu ambaye hajawahi kumweleza mamake hata moja katika hayo anamweleza msichana wa chuo mwenye tableti, ambaye hajamwona tangu azaliwe. Kisha huja damu. Mtu aliyejidunga miaka mingi, mishipa ya kiwiko imeshakufa. Nesi hupapasa mkono, akakosa, akageuza kiganja, akajaribu nyuma ya mkono, akakosa, mwisho akamwomba avue kiatu atafute mguuni. Mara nyingi mraibu mwenyewe ndiye anayemwonyesha nesi pa kuchoma, kwa sababu anaijua mishipa yake iliyobaki kuliko daktari yeyote.

Hapo zimeshapita saa mbili, pengine tatu. Katika saa hizo hakubeba magunia sokoni, hakuokota skrepa, hakupara samaki wa mtu. Waliomo chumbani humo wote wana mshahara: nesi, muulizaji, dereva, mlinzi wa geti, na profesa ambaye jina lake litakaa juu ya ripoti. Yule ambaye bila yeye hakuna ripoti ndiye peke yake anayejadiliwa kama anafaa kulipwa.

Watu wa dini wana hoja nzito kuliko hii ya kawaida, nami siipiti kwa haraka. Wanakumbusha aya ya pili ya Suratul Maida: saidianeni katika wema na ucha Mungu, wala msisaidiane katika dhambi na uadui. Kumpa mraibu pesa, wanasema, ni kumsaidia katika dhambi. Lakini dini hiyohiyo imetufundisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na hadithi hiyo haikuweka sharti la kumpekua atautumia wapi. Mvuvi akishuka chomboni jioni hugawiwa fungu lake, na tajiri wa chombo hazuii fungu la baharia fulani kwa kuwa anajua atapitia kwenye mnazi. Kuna tofauti ya wazi kati ya zawadi na ujira. Zawadi unaweza kuinyima kwa hofu ya itakavyotumika. Ujira ukiuzuia baada ya kazi kufanyika, umedhulumu.

Tena hofu yenyewe imepimwa. Mwaka 2005 David Festinger na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu waliokuwa wakipata matibabu ya uraibu. Waliwagawa kwa bahati nasibu: wengine walipwe dola 10, wengine 40, wengine 70, na kila kundi, baadhi taslimu, baadhi vocha. Kisha wakaangalia nani alirudia dawa na nani alihisi ameshurutishwa. Kiasi cha pesa hakikuongeza matumizi ya dawa, wala taslimu haikuwa mbaya kuliko vocha. Kilichobadilika ni mahudhurio: waliolipwa zaidi, na waliolipwa taslimu, walirudi kwa wingi zaidi. Mwaka 2008 walirudia kwa viwango vya juu, mpaka dola 160, na hofu ile haikuthibitika tena. Kweli, hao walikuwa wagonjwa wa kliniki ya Marekani, si watu wa maskani ya Pwani ambao bado wako ndani ya unga, na mwenye kutaka kubishana ana haki ya kulitaja hilo. Lakini anayesema pesa huwaangamiza washiriki naye alete ushahidi wake, maana mpaka sasa analeta uchungu tu.

Kuna uchunguzi mwingine wa Australia, wa Craig Fry na Robyn Dwyer, uliotoka mwaka 2001. Wao waliwauliza wanaojidunga kwa nini wanakubali kushiriki tafiti. Pesa ilitajwa, bila kuficha. Vilevile walitaja kuwasaidia wenzao, kutimiza wajibu wa raia, kupata habari za afya zao, na kutaka sauti ya watu kama wao isikike. Nani katika sisi anafanya kazi kwa sababu moja tu?

Wapo wanaopendekeza njia ya katikati: wapewe sukari, sabuni, mchele. Naielewa nia, ila naikataa. Mtu anayehitaji pesa atauza sukari hiyo kabla hajafika kona ya pili, na ataiuza kwa nusu bei, kwa sababu mwenye duka anajua ana haraka. Kwa hiyo kete, kama ni kete, itanunuliwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba nusu ya ujira wake imeingia mfukoni mwa muuza duka, na yeye ameambiwa mbele ya watu kwamba hana akili ya kushika noti. Hata anayetaka kulipa kodi ya chumba, au kumtumia mama wa mtoto wake kitu, hawezi kufanya hivyo kwa mche wa sabuni.

Sasa nije kwenye yale ambayo wazee wangeyauliza ningewaunga mkono kwa sauti.

La kwanza ni arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Mtumiaji wa kila siku mwili wake una saa yake. Asubuhi ikikua bila kitu, hupiga miayo mfululizo, machozi na kamasi humtoka, jasho baridi, tumbo linasokota, mifupa inauma. Mtu aliye katika hali hiyo ukimwekea mbele karatasi ya ridhaa yenye kurasa kadhaa, atatia saini hata kama imeandika kwamba anauza figo. Hapo ndipo pesa inapokuwa mtego, na haijalishi kama ni 300 au 3,000. Msomi mmoja wa Kanada, Louis Charland, alikwenda mbali mwaka 2002 akadai kwamba mraibu wa heroini hawezi kutoa ridhaa ya kweli kuhusu kupewa heroini katika utafiti. Alijibiwa na wengi, nami naungana na waliompinga: mraibu si mwendawazimu, ana saa nyingi za siku ambazo anafikiri sawasawa na kupanga mambo kuliko wengi wetu. Lakini saa ya arosto haimo. Dawa ya jambo hili si kupunguza malipo. Ni kumwambia rudi baadaye, au kesho, nafasi yako ipo na nauli yako hii; na kumlipa mtu aliyefika, akasikiliza maelezo, akakataa. Timu ngapi zimeruhusiwa kuwa na subira hiyo, ikiwa mfadhili anataka idadi fulani ya watu kufikia mwisho wa mwezi?

La pili ni kuajiri washiriki kwenye dirisha la dozi. Anayekunywa methadoni huifuata kila siku, mbele ya macho ya mhudumu. Akikosa siku kadhaa, anarudishwa nyuma. Mhudumu huyohuyo akimwambia, kaka, kuna utafiti hapa, ungependa kujiunga, huyo mtu anasikia nini? Anasikia kwamba akikataa, kesho dirisha huenda likamwangalia vibaya. Hakuna shilingi iliyotajwa hapo, na bado mimi naliona shinikizo hilo ni kubwa kuliko bahasha yoyote. Anayegawa dozi asiwe ndiye anayeomba ridhaa. Jambo jepesi kabisa kulipanga, lakini ni lazima mtu alidai.

Kisha kuna kuponi, na hapa nakaa zaidi. Kwa kuwa waraibu hawana orodha mahali popote, watafiti hutumia njia iliyobuniwa mwaka 1997 na mwanasosholojia wa Marekani, Douglas Heckathorn. Wanamhoji mtu mmoja, wanamlipa, halafu wanampa kuponi chache, mara nyingi tatu, awagawie wenzake. Kila mwenzake akija na kuponi, yule wa kwanza analipwa tena. Kwa hesabu za watafiti ni njia nzuri, imefika penye watu ambao hakuna nesi angewafikia. Ila itazame kutoka maskani. Kuponi ni karatasi yenye bei. Mwenye nguvu atazikusanya, atazigawa kwa masharti, atadai nusu. Na wanawake ndio walio chini kabisa ya ngazi hiyo. Mwanamke anayetumia unga hapa mara nyingi yuko chini ya mwanamume anayemtafutia kete, na mwanamume huyo ndiye atakayemletea kuponi, atamsindikiza mpaka getini, atasubiri nje, na atazichukua pesa akitoka. Kwenye karatasi, mwanamke huyo ameshiriki kwa hiari yake na amelipwa kikamilifu. Kama kuna malipo katika utafiti huu yanayoninyima usingizi, ni haya ya kuleta watu, wala si yale ya kujibu maswali. Yawe madogo sana kulinganisha na ujira wa mshiriki mwenyewe, na wanawake wawe na siku yao, mlango wao, na mtu wa kuwauliza kwa faragha: umekuja kwa kupenda kwako?

Malipo yakishakuwepo, watu watarudi mara ya pili kwa jina jingine. Wengine wasiojidunga watasema wanajidunga. Ni jambo la kutegemea penye njaa, na watafiti wanalijua. Wanachofanya kulizuia ndicho kinachonitisha. Wanawavua mashati kutafuta makovu ya sindano. Wanapima kiganja, wanapiga picha. Muongo uliopita kulipokuja pendekezo la kuchukua alama za vidole za makundi yaliyo katika hatari kubwa ya VVU nchini Kenya, makundi hayo, waraibu wakiwemo, yalikataa, na shirika la sheria la KELIN liliuandika msimamo wao mwaka 2018. Walikuwa na haki. Kumiliki heroini, hata chembe, ni jinai chini ya sheria ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya. Mtu anayetoa kidole chake kwenye mashine inayohesabu waraibu anajiandikisha kwenye daftari ambalo hajui litafunguliwa na nani baada ya miaka mitano.

Na daftari la pili lipo tayari, bila mashine yoyote. Ni karatasi ya malipo. Mhasibu wa mradi anataka jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu na saini, kwa kila shilingi iliyotoka, kwa sababu mkaguzi wa mfadhili atauliza. Hojaji imefichwa kwa namba za siri, damu imeandikwa namba za siri, maelezo ya ridhaa yameapa kwamba hakuna atakayejua. Halafu kuna faili moja kwenye kabati la uhasibu lenye majina yote, na juu ya kila ukurasa pameandikwa jina la utafiti wa wanaojidunga. Wakilipa kwa M-Pesa ndiyo mbaya zaidi. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho, jina linatokea, muamala unabaki. Na mraibu asiye na simu, ambao ni wengi, hutoa namba ya dada au ya jirani, na ujumbe unaingia kwenye simu ambayo si yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Sijui kama kuna habari nyeti kuliko hii. Noti mkononi, saini ya namba ya siri, shahidi mmoja wa timu, na mkaguzi akubali hivyo: hilo linawezekana pale kamati ya maadili inapoliandika kuwa sharti tangu mwanzo.

Kiasi kiwe kipi? Hili nalipitia kwa ufupi, kwa sababu jibu lake lipo karibu nasi. Kilifi, kaunti yetu hii hii, ina kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza, tangu mwaka 1989, na suala la fidia kwa washiriki limejadiliwa huko mpaka likasagika, hasa walipowalipa watu wazima waliokubali kuambukizwa malaria kwa makusudi na kukaa chini ya uangalizi. Kanuni ninayoitetea ni nyepesi: saa ya mraibu ilipwe sawa na saa ya mshiriki mwingine yeyote wa kaunti hii, kwa kipimo cha kibarua cha kawaida, na nauli iongezwe juu ya ujira huo. Isiongezwe ili kumvuta kwenye hatari, isipunguzwe kwa sababu ni teja, ni mtumiaji wa unga. Kuna hali moja ninayokubali tahadhari: mtu aliyetoka jela au aliyekaa wiki kadhaa bila unga, mwili wake umeshasahau, na fungu kubwa la pesa kwa mkupuo linaweza kumwua kwa dozi aliyokuwa akiizoea zamani. Huyo aulizwe kama angependa alipwe kidogo kidogo. Aulizwe, asiamuliwe.

Kwa hiyo timu inayofuata ikija, naomba kikao cha wazee kiwe kirefu zaidi ya kilivyozoea kuwa. Waulize karatasi ya malipo itakaa wapi na itachomwa lini. Waulize mwanamke atakayeletwa na mwanamume wake atapokelewaje. Waulize mtu akifika na arosto ataambiwa nini, na kama kuna mraibu au aliyewahi kuwa mraibu ndani ya kamati iliyopitisha mpango huo. Waulize majibu ya vipimo yatarudi baada ya siku ngapi, na aliyekutwa na homa ya ini atapelekwa wapi kutibiwa, kwa pesa za nani. Na waombe tarehe, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, ya siku ambayo matokeo yatasomwa kwa Kiswahili maskani, mbele ya walioyatoa, kabla hayajapelekwa kwenye mkutano wowote wa nje.